Huo uzuri wa baridi uko wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mi natoka Mombasa, nimekuja Minneapolis, Marekani, kusoma. Mwezi wa tisa kulikuwa poa tu ila sa hivi Desemba nyuzi ziko chini ya sifuri, saa kumi na nusu jioni jua ndo hilo linazama, wenzangu wanapiga picha theluji wanafurahi mi nashinda ndani na hita. Wanaona nini?
Binti wa Pwani

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza vaa, manake ukiwa unatetemeka huoni kitu: nguo ya ndani ya kubana, sweta la sufu, jaketi refu, buti. Jinzi peke yake hapana. Halafu toka mchana.

Anza na kidogo. Siku theluji inaanguka taratibu bila upepo nyoosha mkono wenye glavu nyeusi, ikitua iangalie kwa karibu (usiipumulie, itayeyuka). Utaona kinyota cha pembe sita, manake molekuli za maji zikiganda zinajipanga kwa pembe sita. Mkulima mmoja wa Vermont, jimbo la huko huko Marekani, Wilson Bentley, alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha chembe ya theluji mwaka 1885, akaendelea hivo hivo mpaka anafariki 1931 ana picha zaidi ya 5,000, yani maisha yote anakimbizana na kitu kinachoyeyuka, nampenda sana yule mzee.

Na zile siku kali unazoogopa hata kufungua mlango mara nyingi ndo mbingu iko bluu kabisa. Simama jengo likuzibie jua usiumie macho, uangalie pembeni, ukibahatika utaona madoa mawili ya mwanga kulia na kushoto, yana wekundu upande wa jua. Ni chembe za barafu hewani zinapinda mwanga. Mi kwangu hakuna kinachoshinda hicho.

Ziwani usikanyage barafu peke yako, hata wenyeji wanataka iwe mpya, ngumu, ya sentimita 10 kwenda juu. Ila ukisimama ukingoni jioni barafu inapojikaza na kupasuka utasikia mlio mrefu wa ajabu unapita chini kwa chini.

Maporomoko ya Minnehaha yako hapo hapo mjini, kama mita 16, baridi ikikaza yanageuka ukuta wa barafu wenye ubluu ndani. Yatazame kutoka juu, usishuke nyuma yake hata ukiona wengine wanapita, vipande vinadondoka. Nenda Jumamosi saa sita mchana na chai ya tangawizi kwenye chupa, na mmoja wa hao wapiga picha akusindikize.