Kabla hujabonyeza kutuma: kwa wanaoanza kubadilisha kripto hapa Mtwara

Wadogo zangu mnaofanya kazi za mtandaoni, mliolipwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwa mara ya kwanza mkaambiwa "nenda kaibadilishe tu", haya ni yenu. Huduma za kubadilisha sarafu moja kwa nyingine bila kufungua akaunti nimezitumia, na ninalotaka mlishike ni hili: karibu kila kitu huamuliwa kabla hujabonyeza kutuma. Ukishabonyeza, kazi iliyobaki ni kusubiri. Hakuna kupiga simu huduma kwa wateja warudishe muamala.

Unachagua unachotoa na unachotaka, unaweka anwani ya kupokelea ya pochi yako (programu ya kutunzia sarafu), wao wanakupa anwani ya kuwatumia. Mzigo, yaani sarafu ulizotuma, ukithibitishwa wanabadilisha, kisha wanakutumia. Nyingi huishia hapo, sarafu kwa sarafu, shilingi haimo. Kama haja yako ni kulipa kodi ya chumba pale Ligula, bado una hatua moja mbele, nitaifikia.

Sasa mtandao, na simaanishi bando, namaanisha njia ambayo sarafu hupitia. USDT ipo kwenye Tron, ipo Ethereum, ipo BNB na kwingineko, na kila mmoja una kumbukumbu zake. Anwani ya Tron huanza na herufi T, hivyo ukiipesti pasipo pake ukurasa utaikataa wenyewe. Balaa liko kwa Ethereum na BNB. Zote huanza na 0x, na anwani ileile inakubalika pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kitakachokuzuia. Agizo likisubiri Ethereum wewe ukatuma kwa BNB, mzigo unatua mahali ambapo mfumo wao hautazami. Kuupata kunategemea kama funguo za siri za anwani hiyo wanazo na kama wana moyo wa kuhangaika na dola zako 20. Kwa hiyo soma jina la mtandao pande zote mbili, la kutuma na la kupokea, kabla hata hujatazama bei. Sarafu kama XRP na Stellar zina kanamba ka ziada, memo au tagi. Ukurasa ukikupa, lazima uibandike, la sivyo mzigo unafika bila kujulikana ni wa nani.

Kuna jingine linawashangaza wengi: una USDT kwenye Tron lakini haisogei. Kwenye pochi nyingi ada ya kutuma hulipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kama ambavyo Ethereum hulipwa kwa ETH. Basi mtu anaingia kwenye makundi kuomba TRX kidogo, na huko ndiko matapeli wanakomsubiri. Mmoja wao ataweka hadharani maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yenye USDT nyingi, akijifanya mgeni asiyejua kitu. Tamaa inakushika, unatia TRX ili uzihamishe. TRX yako inaondoka, USDT haitoki, kwa sababu pochi ile imefungwa isiruhusu kutuma bila idhini ya anwani nyingine. Mtu akikugawia maneno yake ya siri bure, jiulize anapata nini.

Bei nayo. "Hakuna ada" wanayoiandika kwa herufi kubwa haina maana, ada imejificha ndani ya bei. Kuna njia ya kuipima bila kutumia hata senti. Andika USDT 100 kwenda bitcoin, nakili kiasi cha bitcoin kinachotokea, halafu kigeuze: andika kiasi hichohicho kirudi USDT. Tuseme inasoma 97. Kwenda na kurudi kumekula 3, yaani kama moja na nusu kila upande. Fanya hivyo kwenye huduma mbili tatu, utaona tofauti. Rudia kwa kiasi kidogo, utaona asilimia inapanda, kwa sababu ada ya mtandao haipungui eti kwa kuwa umetuma kidogo. Ndiyo maana kujaribu kwa kiasi kidogo ni sawa, ila kuhamisha pesa yote kidogo kidogo ni kuzilisha ada.

Utaulizwa pia bei ya kudumu au inayobadilika. Ya kudumu huwa ghali kidogo na ina saa inayohesabu kurudi nyuma. Inayobadilika hupangwa mzigo wako ukishathibitishwa. Kwa bitcoin hapo pana jambo: bloku moja, yaani fungu la miamala inayothibitishwa pamoja, hutoka kwa wastani wa dakika 10, lakini wastani ni wastani tu, nyingine inachelewa mno, na ukiweka ada ndogo siku ya foleni unaweza kusubiri saa nzima na zaidi. Saa ya bei ya kudumu ikiisha mzigo haujathibitishwa, watakurudishia au watapiga hesabu upya. Mimi kwa bitcoin huchagua inayobadilika, kwa USDT ya Tron ya kudumu.

Mkulima wa Tandahimba haondoki ghalani bila stakabadhi yake ya korosho, nawe usiondoke kwenye ukurasa bila namba ya agizo. Piga skrinishoti, kisha iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya muamala. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilibaki inahangaika na intaneti. Siku kama hiyo usitaharuki: ukishatuma, agizo linaendelea bila simu yako. Utahitaji namba tu, intaneti ikirudi. Jaza pia anwani ya kurejeshewa mzigo agizo likikwama, na iwe ya pochi yako mwenyewe.

"Bila usajili" nayo isikulaze. Huduma nyingi zimeandika kwenye masharti kwamba mfumo wao ukitilia shaka mzigo, wanaushikilia hadi ulete kitambulisho na uthibitisho wa chanzo. Tunza mazungumzo na aliyekupa kazi.

Jina la tovuti liandike mwenyewe, usibonyeze tangazo la juu kwenye Google, tovuti bandia hukaa hapo. Ukishapesti anwani, linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kuna programu chafu zinazobadilisha anwani uliyokopi, hasa kwenye kompyuta za kukodi zinazopita mikononi mwa watu wengi.

Kuhusu sheria, msidanganywe na yeyote. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizi hazitambuliki kama fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka benki hiyo ijiandae nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kulindwa. Ukiibiwa, usitarajie mtu wa kukufidia.

Hatua ya mwisho ni kumuuzia mtu USDT akulipe kwenye simu. Msimu wa korosho ukifunguka hela inapokuwa mjini, wanunuzi wanakuwa wengi na wajanja wanakuwa wengi vilevile. Usiachie mzigo kwa kuona ujumbe wa "umepokea", ujumbe huo mtu yeyote anaweza kuutunga. Piga *150*00# kama uko M-Pesa, angalia salio lenyewe, kisha hakikisha jina la aliyelipa ndilo la mnayezungumza naye. Akisema pesa imetumwa na shemeji yake, mrudishie shemeji pesa yake kwenye namba ileile iliyotuma, biashara muianze upya.