Malori, Daftari na Sigiri: Mtoto Anayependa Mno na Mtoto Anayesukumwa na Hofu

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Tororo, Uganda. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na yuko darasa la nne. Kwa miaka mitatu sasa hana lingine analolizungumzia ila malori. Tunakaa karibu na barabara ya Malaba, na kila jioni huketi barazani akiandika namba za malori katika daftari. Anajua lipi linatoka Kenya, lipi linaelekea Rwanda, lipi limebeba mafuta na lina ekseli ngapi. Nikimwita ale kabla hajamaliza, hulia. Mwalimu wake ananiambia kwamba huenda ana ugonjwa wa OCD na kwamba ninyang'anye hilo daftari. Babake anasema ni utoto tu. Vinginevyo ni mtoto mwema, ila tangu likizo iliyopita huamka usiku kuangalia kama sigiri imezimika, na huniuliza mara nyingi hadi nachoka. Je, haya malori ni ugonjwa?

JIBU: Mama, umeandika mengi kuhusu malori na sentensi moja tu kuhusu sigiri. Mimi nitaanza na malori lakini nitakaa zaidi kwenye sigiri, kwa kuwa nadhani jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini limo katika sentensi hiyo moja.

Ugonjwa ambao mwalimu ameutaja, OCD, yaani ugonjwa wa mawazo na matendo ya kulazimika, una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, picha au msukumo unaomjia mtu bila kuutaka, ukarudi tena na tena na kumtia hofu, kinyaa au hisia kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Ya pili ni tendo analolirudia, la mwili au la kimoyomoyo, ili kuituliza hofu hiyo au kuzuia balaa analolidhania. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, unataka mambo hayo yawe yanakula muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa 1 kwa siku, au yawe yanamletea mtu dhiki kubwa au kuvuruga maisha yake. Wazazi na walimu hushika habari ya muda wakaiacha ile ya hofu, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mtoto anaweza kushinda jioni nzima juu ya malori bila kuwa na chembe ya ugonjwa huu, na mwingine akatumia dakika 20 tu kwa tendo linalomtesa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si anafanya kwa muda gani, bali tendo hilo linamfanyia nini. Mwanao akiliona lori la mafuta lenye ekseli ambazo hajawahi kuziona, uso wake unakunjuka, anakimbia kukueleza, na kesho yake anataka kujua zaidi. Mapenzi ya namna hiyo huzaa maarifa: hubadilika, hupanuka, na mtoto hupenda kuyashiriki. Tendo la kulazimika halizai kitu. Mtoto hulirudia vilevile, mara nyingi kwa siri au kwa aibu, na akimaliza hapati furaha bali ahueni fupi tu. Ukimuuliza mwanao kama angependa kuacha kupenda malori, nina hakika atakushangaa. Mtoto aliyeshikwa na ugonjwa, akishakuamini, mara nyingi atakuambia kwamba angefurahi mawazo hayo yangemtoka.

Kilio chake unapomwita ale hakitoshi kuwa ushahidi. Mtoto yeyote anayeondolewa kwenye kitu akipendacho hulia, na yule anayekatizwa tendo la kulazimika hulia pia, hivyo sikiliza anachosema ndani ya kilio. Akisema, "Ngoja kidogo, Mama, lile jekundu linakuja," hayo ni majonzi ya kukosa kitu kizuri. Akisema, "Nisipoandika yote, Baba atapata ajali," basi daftari lilelile, barabara ileile na kalamu ileile vimekuwa kitu kingine kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu tendo linaweza kugeuka bila sura yake kubadilika: mtoto aliyeanza kuandika namba kwa furaha anaweza, miezi baadaye, kuwa anaziandika kwa woga, akifuta na kuandika upya hadi ahisi zimekaa sawa. Katika barua yako sioni dalili ya mgeuko huo, lakini ni vyema uendelee kumtazama.

Watafiti nchini Marekani waliripoti mwaka 2007 kwamba takriban theluthi moja ya watoto wadogo huwahi kuwa na mapenzi makali ya kitu kimoja, hasa wavulana, na mara nyingi kitu chenyewe huwa ni magari, treni au mashine. Mapenzi makali huonekana pia kwa watoto wenye usonji (autism), lakini usonji hautambuliwi kwa malori peke yake. Huangaliwa namna mtoto anavyowasiliana na kuchangamana na wenzake tangu utotoni. Kama ana marafiki, anapokea na kujibu mazungumzo ya kawaida, na hukuwa na shaka kuhusu mawasiliano yake alipokuwa mdogo, nisingekutuma kwa mtaalamu kwa sababu ya malori.

Sasa sigiri. Kuhofia makaa ndani ya nyumba si upuuzi, kwa maana moto na hewa ya makaa vimeua watu, na mtoto anayeangalia mara moja kisha akalala ana akili timamu. Kinachonishtua ni kwamba anaamka, anaangalia, anakuuliza, unamjibu, kisha anauliza tena. Jibu lako halikai. Kuuliza huko kwa kurudiarudia, ingawa kunafanana na mazungumzo ya kawaida, huhesabiwa kuwa tendo la kulazimika sawa na kunawa mikono mara nyingi, kurudia kutawadha kwa kudhani udhu haukutimia, au kuungama kosa lilelile kwa padri kila wiki. Wasiwasi huu hufanana na upele: kila ukiukuna unapata nafuu ya dakika moja, na unawasha zaidi. Ubongo wa mtoto hujifunza kwamba nyumba haikuungua kwa kuwa aliuliza, hivyo kesho lazima aulize tena.

Bado siwezi kusema kwamba ana ugonjwa, na hakuna daktari mwaminifu angesema hivyo kutokana na barua. Makadirio ya kitaalamu huwaweka watoto na vijana wenye ugonjwa huu kati ya 1 na 3 katika kila 100, kwa hiyo si jambo la ajabu, ila hofu za kupita ni nyingi zaidi. Kwa wiki mbili, andika kila usiku ameamka mara ngapi, ameuliza mara ngapi, na imechukua muda gani hadi akalala. Mchana, akiwa ametulia, muulize kwa upole: "Usipokwenda kuangalia, unahisi nini kitatokea?" Asipoweza kueleza, usihitimishe kwamba hakuna kitu, kwa kuwa watoto wengi wa umri wake hujua tu kwamba ni lazima wafanye. Muulize pia kama kuna mambo mengine ambayo ni lazima ayafanye na ambayo wewe hujayaona, kama vile kuhesabu kimoyomoyo au kurudia sala hadi itoke bila kosa.

Wakati huo msimpige wala msimcheke, na wewe na babake mkubaliane jibu moja. Zimeni sigiri pamoja naye jioni na kuitoa nje, aone kwa macho yake mara moja. Akiuliza baadaye, mwambie: "Najua wasiwasi umekujia, na tumeshaangalia pamoja," kisha usiongeze. Usimkatalie ghafla kila kitu, kwa sababu kumwacha peke yake na hofu kubwa hakumfundishi chochote.

Ikiwa baada ya wiki hizo hali haijapungua, mpeleke katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya Mbale ukiwa na maandishi yako. Ikihitajika, huko wanaweza kukuelekeza Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala. Tiba inayotangulia ni ya mazungumzo na mazoezi, ambapo mtoto huikabili hofu yake hatua kwa hatua bila kufanya lile tendo, hadi ajionee kwamba hofu hushuka yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliohusisha watoto na vijana 112, ulionyesha kwamba tiba hii pamoja na dawa ya setralini ilileta matokeo bora kuliko kimoja peke yake. Dawa ni uamuzi wa daktari, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu; tafadhali usiinunue dukani kwa ushauri wa jirani.

Usisubiri wiki mbili endapo ataacha kula kwa hofu, atakataa kwenda shule, atazungumzia kutaka kufa, au endapo tabia hizi zimezuka kwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, hasa baada ya homa au maumivu ya koo. Katika hali hizo mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Daftari la malori mwachie. Mwambie mwalimu kwamba kulichukua hakutagusa wasiwasi wa usiku, na kwamba anaweza kulitumia darasani, kwa sababu mtoto anayejumlisha ekseli kwa hiari tayari anafanya hesabu.