Njia panda inayogonga watu Tabora: anzeni na namna ya ajali, dereva baadaye

Mkuu, umeuliza kamati yenu ya mtaa hapo Tabora ianzie wapi kuchunguza ajali za ile njia panda, maana kila mtu akigongwa watu wanasema "mwendokasi" au "uzembe wa bodaboda" na kikao kinafungwa. Nimekuwa fundi sanifu wa barabara miaka mingi, mingi yake hukohuko Unyamwezini, acha nichangie.

Kuandika "uzembe" kama chanzo ni sawa na daktari kuandika kwamba marehemu moyo ulisimama. Ni kweli, ila haimsaidii anayefuata. Watu wasiojuana wakigongana mahali pamoja kwa namna ileile, hapo mahali pana jambo. Kwa hiyo ulizeni kwanza waligonganaje. Wanagongwa kwa nyuma? Tazameni tuta lisilo na alama, au daladala zinazopakia mdomoni mwa njia panda. Bodaboda anateleza peke yake? Mvua imeshusha changarawe ya mtaani kwenye lami. Ubavuni, hapo kuna tatizo la kuonana.

Kuna kona moja nilishiriki kuichunguza, pikipiki zilikuwa zinagongwa ubavu wa kulia, jioni. Asubuhi baada ya tukio tulikuta vipande vya taa na mabonge ya tope, yale yanayodondoka chini ya gari linapogonga, vimelala katikati ya njia ya lori. Karibu na hapo ndipo waligongana, si pale lori liliposimama. Nyuma ya hapo hakuna mchirizi hata mmoja wa tairi. Gari lenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga, huenda lisiache michirizi, lakini lile lilikuwa lori la zamani la tumbaku. Dereva hakukanyaga breki kwa nguvu, yaelekea hakumwona mtu.

Nikapanda pikipiki, nikasimama pale bodaboda wanapochungulia. Kulia kwangu shina la mwembe, na pembeni yake magunia ya mkaa yamepangwa usawa wa kifua. Kijana mmoja akaenda kando ya barabara kuu na kitambaa cheupe mkononi, akarudi taratibu kuelekea kwetu. Nilikuja kukiona akiwa ndani ya mita 20. Sasa piga hesabu: gari la kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, linakula karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akishtuka kwa sekunde moja na nusu, mita 20 zimeisha kabla breki haijashika. Kusimama kabisa kunataka kama mita 35 lami ikiwa kavu. Ongeza kwamba lori lilikuwa linaelekea magharibi, jua la saa kumi na moja liko usoni.

Mkaa ulihamishwa, na mstari wa kusimama ukasogezwa mbele ya shina. Mwembe tuliuacha (jaribu kukata mwembe Tabora uone).

Trafiki wana michoro ya ajali zilizoripotiwa. Kiongozi wa mtaa aombe muhtasari, majina ya majeruhi hamyahitaji. Zisizoripotiwa anazijua mama wa genge na fundi pikipiki wa jirani. Halafu kaeni pale siku ya gulio mwone wanaoponea chupuchupu, hao ni wengi kuliko wanaogongwa na wanafundisha yaleyale. Matuta ya udongo ya kujichimbia wenyewe, tafadhali, hapana. Usiku yanaangusha pikipiki.

Mkishaelewa chanzo, barua iende kwa wakala mwenye barabara: barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaa ni TARURA. Mkikosea itazunguka mezani hadi masika.

Ila hujasema njia panda yenu ni ya pande tatu au nne. Ya pande nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinakutana, kuachana au kukatana, ya pande tatu ina 9 tu. Weka mchoro hapa, hata wa mkono, na uandike kwenye kila mdomo mnaona mita ngapi.