Fundi, nitume hela kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata nafasi ya chuo, na mama kauza korosho kanipa laki nne na nusu ninunue kompyuta mpakato. Nimeona moja ya mtumba Instagram, muuzaji yuko Kariakoo: "Core i5, RAM 4, diski 500, Windows 10", laki tatu na nusu. Anataka nitume hela yote, ndipo aipakie kwenye basi. Sijawahi kumiliki kompyuta. Nitajuaje kama ni nzima?
Binti wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Usitume.

Mwaka 2016, nikiwa hapa hapa Mtwara mjini, ya kwanza kwangu niliiagiza hivyo hivyo. Ikafika, tena na begi zuri. Nikaiwasha, nikachekelea, nikachomoa chaja: ikazima papo hapo. Kurudi kwenye picha alizonitumia, zote zilipigwa waya ukiwa umechomekwa. Muuzaji akadai imeharibikia njiani. Hela yangu sikuiona tena.

Huyo wako huenda hata duka hana. Mawinga (madalali wasio na duka) wengi huposti picha za mzigo wa wenzao. Huna ndugu Dar, hata wa kuungaunga? Aende yeye dukani, achomoe chaja, aache video icheze nusu saa, abonyeze kila herufi. Aizime na kuiwasha tena, maana nyingi zilitoka maofisini na nyingine bado zina nywila ya mwenyewe. Ndipo alipe palepale, kwa Lipa Namba yenye jina la duka, apewe risiti ya EFD na siku za warantii ziandikwe. Kama hakuna wa kumtuma, mwambie muuzaji apige simu ya video na aendeshe amri ya powercfg /batteryreport, kisha akufungulie ripoti ya betri inayotoka. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa ilikuwa mWh 48,000 (kipimo cha chaji) na sasa ni 20,000, hesabu na bei ya betri mpya. Akikataa simu ya video, umeshajibiwa.

Sasa mashine yenyewe. Core i5, yaani prosesa au ubongo wa kompyuta, ni jina la ukoo tu, halikwambii kama ni babu au mjukuu. Uliza namba nzima: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U cha 8. Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia bure 14 Oktoba 2025. Itawaka, lakini marekebisho ya usalama haipati tena kama zamani. Hiyo diski 500 nayo nahisi ni ile ya kizamani inayozunguka. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 itakufaa zaidi, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iwe GB 8. Ongeza hiyo laki iliyobaki utafute ya namna hiyo.

Begi la bure wakikupa, chukua. Langu la 2016 bado ninalo, nabebea bisibisi.