Una sapu kwenye transkripti na unataka kusomea upasuaji wa taya

Kila dirisha la maombi ya uzamili likikaribia kufunguliwa, maintani (walio kwenye mafunzo ya kazi baada ya chuo) na madaktari wapya wa meno wa hapa Moshi na Arusha huniletea swali lilelile: "Dada, nina sapu (mtihani wa kurudia) ya anatomia na C zimejaa, niombe au niachane nayo?" Omba. Ninachoshindwa kuvumilia ni kuona watu wenye mikono mizuri wakikosa nafasi kwa makosa ambayo kaka na dada zao walishayafanya, makosa yasiyohusiana kabisa na hizo C. Basi nayaandika hapa, kila anayeniuliza asome.

1. Soma tangazo la udahili kabla hujajihukumu. DDS, shahada yetu ya udaktari wa meno, haina daraja la kwanza wala la pili, kwa hiyo anayepitia maombi hushuka hadi kwenye somo mojamoja, na jicho lake linakaa zaidi kwenye somo la fani unayoomba. Kama alama yako haifiki kiwango kilichoandikwa, usitume fomu kwa kutegemea huruma. Piga simu ofisi ya udahili uulize wanakubali nini kingine. Na leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika iwe hai. Hilo sielezi zaidi, mnalijua.

2. Logibuku, yaani daftari unaloandika kila kazi uliyomfanyia mgonjwa. Hapa naomba mnivumilie, maana jambo hili linaniuma.

Kuna kijana nilifanya naye kazi, nimwite mdogo wangu tu. Alirudia mwaka chuoni baada ya msiba wa baba yake, na transkripti yake ilikuwa inasikitisha. Lakini mkono aliokuwa nao! Akichoma ganzi ya taya la chini, mgonjwa anauliza utaanza lini, kumbe sindano imeshatoka. Mama mmoja wa Kibosho alikuja na 38, gego la mwisho la chini kushoto, iliyolala kuelekea mbele, mizizi imejikunja, na kwenye picha ya taya zima ncha zake zinagusa mfereji wa neva. Nilisimama pembeni nikiangalia. Alifungua fizi, akaondoa mfupa kidogo, akalikata jino vipande viwili, akatoa kichwa kwanza kisha mizizi, bila kuharakisha wala kulazimisha eleveta (chombo cha kung'olea jino). Yule mama alirudi kutolewa nyuzi, mdomo wa chini hauna ganzi hata kidogo, na kikapu cha parachichi mkononi.

Kazi hiyo hakuiandika. Hakuandika karibu yoyote. Kila siku alisema ataandika kesho, na foleni ya kliniki mnaijua. Wiki ya mwisho ya intanishipu akaazima logibuku ya mwenzake, wakakaa usiku, akanakili. Bosi alisaini kurasa zote kwa mkupuo bila kusoma, naye alikuwa anakimbilia chumba cha upasuaji.

Alipoitwa kwenye usaili wa nafasi ya kusomea upasuaji wa kinywa, taya na uso, jopo liliiangalia transkripti kwa muda mfupi, wakaifunika. Wakafungua logibuku katikati. "Tueleze hii 38. Ililala upande gani? Mfupa uliondoa? Mgonjwa aliporudi ulikuta nini?" Akajibu vilevile kitabu kinavyosema, neno kwa neno, maana mgonjwa yule hakuwa wake. Mmoja wa wasaili akaangalia tena ukurasa, akamuuliza kwa upole kabisa kama kliniki yao hufunguliwa Nanenane. Tarehe aliyonakili ilikuwa tarehe 8 Agosti.

Alinisimulia haya kwenye kibanda cha chai nje ya hospitali, chai ikapoa mbele yake. Alikuwa na yule mama wa Kibosho. Alikuwa na wengine wengi wagumu kuliko yule. Angeulizwa kuhusu mmoja wao angezungumza nusu saa, na wale watu wangeisahau transkripti. Badala yake walitoka wakijua mambo mawili tu juu yake: kwamba alama zake ni ndogo, na kwamba anaandika asichokifanya.

Mwenye A zote anaweza kuwa na logibuku mbovu na bado akasikilizwa. Wewe mwenye sapu, logibuku ndiyo mdomo wako. Iandike siku hiyohiyo, kabla hujavua koti: tarehe, namba ya faili bila jina, ugonjwa, ulichofanya kwa mkono wako na ulichosaidia tu, nani alikusimamia. Andika na yaliyoharibika: mzizi uliovunjika ukabaki, kidonda kilichokataa kupona kikaanza kuuma siku ya tatu, na ulifanya nini. Msaili mzoefu akiona kurasa nyingi bila tatizo hata moja, haamini.

Mdogo wangu aliomba tena baadaye, na logibuku mpya. Sasa yuko masomoni.

3. Fanya utafiti mdogo unaoweza kuumaliza. Mnaniambia hamna mada, nanyi mnahudumia watu wanaoishi chini ya Mlima Meru! Miamba ya volkano imejaza floridi kwenye maji ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaota meno ya kahawia mbele ya macho yenu. Pale Ngurdoto kuna kituo ambacho kimefanyia kazi miaka mingi namna ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Ila tafadhali msiniletee tena "Ukubwa wa tatizo la flurosisi Arusha", yaani hayo madoa ya meno yanayoletwa na floridi. Hilo limepimwa na kupimwa. Uliza kitu kidogo zaidi. Familia zinazopikia magadi (nayo yana floridi) makande na maharage, watoto wao wana hali gani wakilinganishwa na majirani wanaochota bomba moja? Waliosuguliwa madoa kliniki kwako, wangapi waliridhika? Ukitumia kipimo cha flurosisi cha Thylstrup na Fejerskov, cha 0 hadi 9, kausha meno kwanza. Nimesoma rasimu ambayo mwandishi alipima meno yenye mate, kazi yote ikarudiwa. Au chukua watoto waliochokolewa fizi wakiwa wachanga kwa imani ya meno ya nailoni (kwamba vichipukizi vya meno ndivyo vinavyomletea mtoto homa na kuhara), wanaokuja shuleni bila chonge. Kibali cha maadili kipatikane kabla ya kufungua mdomo wa mtoto wa kwanza.

4. Barua ya mdhamini, ile ya kuwapendekeza, ombeni kwa aliyewaona mkifanya kazi, hata kama hana cheo cha profesa.

5. Sapu itaje mwenyewe kwenye barua yako, kwa sentensi mbili: ilikuwa somo gani, na umefanya nini tangu hapo. Usimlaumu mwalimu. Msomaji wa maombi naye ni mwalimu.

6. Wapo wanaofikiria kuanza na MPH (uzamili wa afya ya jamii), kwa mfano pale chuo cha KCMC, Moshi. Ni njia nzuri kama unaipenda afya ya jamii, kwa sababu utajifunza takwimu na utaonyesha kwamba masomo ya uzamili unayaweza. Usiende kwa ajili ya kuficha C. Zitabaki palepale kwenye transkripti ya kwanza, na utakuwa umelipa ada ya kitu usichokitaka.

7. Mlioajiriwa serikalini, ruhusa ya mwajiri inapita meza nyingi. Anzeni kuifuatilia kabla dirisha halijafunguliwa. Na ambaye logibuku yake ina mapengo hadi leo, asiazime ya mtu. Aje nayo Jumamosi asubuhi, tukae na rejista ya kliniki tutafute wagonjwa wake wa kweli, mmojammoja.