Karani mpya wa fidia: nani aone nini kwenye faili

Umekabidhiwa mafaili ya wafanyakazi walioumia kazini, labda kwenye kiwanda cha Namanve, labda kwenye mradi wa barabara kule Arua, labda kwa wakala wa bima hapa Kampala. Siku ya kwanza mtu atakuambia tu kwamba mafaili haya ni siri, kisha atakwenda zake. Agizo hilo halitakufikisha mbali. Faili la fidia hufunguliwa ili lisomwe: daktari atalisoma, kampuni ya bima italisoma, afisa wa kazi wa wilaya atalisoma, na mambo yakichacha hata hakimu. Kwa hiyo kila anapokuja mtu mezani kwako, jiulize anahitaji karatasi ipi na kwa kazi gani, umpe hiyo, nyingine zibaki kabatini.

Niseme mapema kinachoniudhi kuliko vyote katika kazi hii. Msimamizi wa zamu, mlinzi wa getini na mama wa kantini wote wanajua kilichoandikwa kwenye ripoti ya daktari. Mwenye mkono uliosagwa akija kuomba nakala yake, anaambiwa bosi hayupo, arudi wiki ijayo.

Kwanza elewa kilichomo ndani. Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inapiga hesabu kwa mshahara. Aliyepata ulemavu wa kudumu wa kiwango chote hulipwa mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo wake hulipwa asilimia ya kiasi hicho kulingana na jedwali la majeraha. Ndiyo maana faili haliendi bila karatasi ya mshahara na ripoti ya daktari. Sasa chukua Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Katika orodha yake ya taarifa zinazohitaji ulinzi wa pekee utakuta hali ya afya na kumbukumbu za matibabu, na utakuta pia taarifa za fedha. Faili lako limebeba zote.

Makarani wengi wapya huficha picha ya kidonda na kuiacha karatasi ya mshahara juu ya meza. Mimi naogopa zaidi ile ya mshahara. Mtu aliyekuwa akilipwa shilingi 500,000 kwa mwezi, mara 60, ni shilingi 30,000,000, na hesabu hiyo haihitaji kalamu. Ikifika mtaani kabla ya malipo kutoka, watajitokeza wakopeshaji, wajomba waliokuwa kimya miaka yote, na wale mawakili wa mlangoni wanaotaka fungu lao kabla hata ya kusoma faili. Kidonda kitamletea mtu huruma ya wiki mbili. Kiasi cha fidia kinaweza kumletea kesi ya ukoo.

Halafu kuna wanaoogopa kupita kiasi. Nimewaona makarani wakimkatalia afisa wa kazi karatasi eti mpaka majeruhi atie sahihi, na majeruhi mwenyewe yuko wodini hajitambui. Sheria ya 2019 haikutaka hivyo. Inamruhusu mwajiri kushughulikia taarifa hizi pale anapotimiza wajibu aliowekewa na sheria nyingine, na kutoa taarifa ya ajali kwa afisa wa kazi ni wajibu wa mwajiri. Hapo huhitaji ridhaa. Ridhaa utaihitaji nje ya njia hiyo: chama cha wafanyakazi kinapotaka kumsaidia, kampuni nyingine inapouliza kama aliwahi kuumia, au mwandishi wa habari anapopiga simu. Kwa wakili, omba barua yenye sahihi ya mteja wake. Kwa polisi, omba barua yenye namba ya kesi na maelezo ya kinachotafutwa. Afande wa kweli hatakasirika, na akikasirika mpeleke kwa meneja.

Atakayekusumbua kila siku si polisi wala mwandishi. Ni msimamizi, tena mtu mwema. Atakuja na maneno kama haya:

"Karani, yule kijana wangu wa mashine ya pili, ana nini hasa? Nionyeshe ripoti."

"Mzee, atarudi tarehe moja, kwa kazi nyepesi. Asinyanyue mzigo, asipande ngazi."

"Hilo nimesikia. Nauliza anaumwa nini."

"Hilo muulize mwenyewe, Mzee. Akitaka atakuambia."

Msimamizi anapanga zamu. Anachohitaji ni tarehe ya kurudi na kazi ambazo kijana hapaswi kufanya. Jina la ugonjwa halimsaidii kupanga chochote. Mwombe daktari aandike vikwazo vya kazi kwenye karatasi ya peke yake, ndiyo umpe msimamizi, na utaepuka mabishano mengi. Usimjibu kwa ukali lakini, maana mara nyingi anauliza kwa sababu anataka kuchangisha pole. Michango hiyo ya pole, kwa uzoefu wangu, ndiyo inayovujisha zaidi: mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp jina, hospitali, kiungo kilichokatwa, na picha juu yake.

Picha nazo zina mahali pake. Kamati ya usalama inahitaji kujua mashine ipi, saa ngapi, kinga ilikuwepo au iliondolewa. Haihitaji uso wa mtu akiwa na damu. Piga picha ya mashine.

Kwa kampuni ya bima mambo ni mazito kidogo, kwa sababu wao wana haki ya kuhoji dai kabla ya kulipa, na karani mpya hudhani njia ya haraka ni kuwatumia kila kitu kilichotoka hospitalini. Fungua bahasha kwanza. Mtu aliyelazwa na kupasuliwa mguu hutoka na fomu yenye historia yake yote: vipimo vya damu, dawa anazokunywa miaka yote, pengine matokeo ya kipimo cha VVU ambayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2014 inataka yabaki siri. Dai ni la mguu. Bima ipewe ripoti ya mguu: lini uliumia, matibabu gani yalifanyika, asilimia gani ya ulemavu daktari ameitaja. Wakitaka zaidi, waandike wanataka nini na kwa nini. Wakipinga asilimia, mgogoro wa tathmini unaenda kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Kitabibu, na huko ndiko madaktari watabishana kwa vielelezo. Wewe si uwanja wao. Uliza pia faili linakokwenda baada ya hapo. Kampuni nyingi zina makao makuu Nairobi au kwingine, na sheria inataka taarifa zinazohifadhiwa nje ya Uganda zipate ulinzi usiopungua ule wa hapa, au mwenyewe awe ameridhia.

Simu usiiamini. Mtu anayesema anatoka bima na anataka kuthibitisha namba ya akaunti ya majeruhi, mwambie utampigia, kisha piga namba iliyo kwenye hati ya bima, si ile aliyokupigia.

Kifo ni habari nyingine. Wanakuja wengi na wote wana machozi: mke, mke mwingine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Busia, kaka mkubwa anayesema yeye ndiye msemaji wa ukoo. Fidia ya kifo ni ya waliokuwa wakitegemea mapato ya marehemu, na anayetambua nani ni tegemezi si wewe. Usimwambie mmoja majina aliyoandika mwingine. Pokea barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa kama kipo, mpe kila mmoja uthibitisho wa alichowasilisha, kisha peleka vyote kwa afisa wa kazi. Ukianza kujibu maswali ya nani kaandikwa, utakuwa umeingia kwenye matanga yasiyo yako.

Adhabu zipo, zitajwe tu. Anayetoa au kupata taarifa binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi vipimo 240 vya fedha, yaani shilingi 4,800,000 kwa kipimo cha shilingi 20,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Taarifa zikivuja, mwajiri anapaswa kuitaarifu mara moja Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Basi usifiche. Mwambie mkuu wako siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa mwenye faili. Sheria ya 2019 inampa haki ya kuuliza ni taarifa gani mnazo juu yake, na pia ni nani wengine wamezifikia. Hili la pili ndilo linalowashika wengi, kwa sababu huwezi kulijibu kama hukuandika. Weka daftari ndani ya kabati: tarehe, jina, karatasi iliyotolewa, sababu, sahihi. Hata meneja asaini. Siku za mwanzo watakucheka, hasa meneja.

Akija kuomba, usimsimamishe mlangoni. Wengi wa wanaoumia wamesaini fomu za Kiingereza wasizozielewa, wengine kwa dole gumba. Kijana wa Koboko au wa Malaba utaelewana naye kwa Kiswahili vizuri tu, na asipokijua, mtafute anayejua lugha yake, lakini asiwe mwenzake wa zamu. Mkalishe, mfungulie faili, msomee ripoti ya daktari na hesabu ya mshahara. Mara nyingine hapo ndipo kosa linapoonekana: wameandika mkono wa kushoto, kumbe ni wa kulia, au wameacha malipo ya muda wa ziada kwenye hesabu. Rekebisheni mkiwa wawili, andika tarehe. Kisha mtolee nakala kwenye mashine ya ofisi. Ukimtuma kwenye kibanda cha fotokopi barabarani, ripoti yake itabaki kwenye kompyuta ya watu, na aliye nyuma yake kwenye foleni atakuwa ameshaisoma.