"Try" ilianza kwa kuchambua

Ndugu, umeuliza inakuwaje "try" ya Kiingereza iwe kujaribu, halafu mahakamani iwe kusikiliza kesi ya mtu, na kwenye raga iwe pointi. Anzia kwenye Kifaransa cha kale: "trier", yaani kuchambua, kama unavyotoa mawe kwenye mchele. Hakimu naye huchambua ushahidi. Kutoka kupima kama kitu kinafaa, neno likafika kwenye kujaribu. Raga ndiyo hunichekesha: zamani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani hakukuwa na pointi hata moja, ulipewa tu nafasi ya kujaribu kuupiga golini! Leo, raga ya wachezaji 15, ni pointi 5. Usikariri maana tatu. Ukikutana nalo, tazama kwanza ni nini kinachopimwa.